Ngurunga na Wale Waliotetemeka

Haya, sogeeni wanangu. Tsuma, weka mtungi wako kivulini. Mbeyu, kaa hapa karibu na mjomba. Nyevu, wewe simama tu, najua huwezi kukaa.

Nimeona yaliyotokea asubuhi hapa kwenye ngurunga. Msidhani mjomba akifumba macho amelala. Nilimwona Tsuma amekuja na mtungi wake wa njano kabla jua halijachomoza. Nikawaona vijana wakubwa wakimsukuma nyuma. "Nyinyi wa ng'ambo ya reli mtateka mwisho!" wakamwambia. Tsuma akanyamaza. Akangoja mpaka miguu ikafa ganzi.

Halafu mchana, nani alikuwa mbele? Tsuma. Akaja mtoto mdogo, kamasi zinamtoka, kidumu cha lita tano mkononi. Nikasikia sauti ya Tsuma: "Wewe wa ng'ambo ya reli, utateka mwisho!"

Maneno ni yale yale. Mdomo ndio mwingine. Na Tsuma mwenyewe anakaa wapi? Ng'ambo ya reli.

Usiinamishe kichwa, mwanangu. Sikukuita nikugombeze. Nimekuita kwa sababu Mbeyu ameniuliza swali, na swali lenyewe ni zuri mno. Ameuliza, "Mjomba, mbona aliyefukuzwa asubuhi ndiye anayefukuza mchana?"

Pokea mkono, Mbeyu. Kuna watu wazima wenye mvi wasiouliza hivyo. Sasa tumwachie mkubwa wetu aanze. Mkubwa ni nani? Ni huyu tuliyemkalia.

*

"Mimi ni ngurunga," lasema tundu la maji. "Ni shimo ndani ya mwamba wa Taru. Mvua ikinyesha najaa. Jua likiwaka napungua. Sina miguu, siendi popote. Lakini habari hunijia zenyewe, kwa sababu kila mtu huona kiu.

"Zamani ilinijia misafara. Wapagazi waliingia nyika hii na mizigo kichwani, wakilitafuta jina langu kama mtoto anavyomtafuta mama. Kisha ikaja reli. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani, Kisumu, Desemba 1901. Tangu hapo watu wakawa wananipita bila kunisalimu. Garimoshi lina maji yake.

"Mwaka 1902 lilipita garimoshi moja na Wamarekani watatu ndani yake. Majina yao Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson. Dirishani waliona miiba na vumbi jekundu. Hawakuniona mimi. Wakaenda zao mpaka mwisho wa reli, wakapanda milima ya Waluhya, wakapiga kambi mahali paitwapo Kaimosi. Wale walikuwa Wakweka. Wenyewe hujiita Marafiki."

"Marafiki wa nani?" ameuliza Nyevu.

Marafiki wa Mungu, na marafiki wao kwa wao. Hilo ndilo jina walilojichagulia. Jina la Quaker walipewa na wengine, kwa kejeli, na maana yake ni mtetemekaji. Lishike neno hilo, Nyevu. Lifunge kwenye pindo la kanga yako. Kutetemeka. Tutalifungua baadaye.

*

Sasa mwamba apumzike, nisimulie mimi, maana habari hii inatoka mbali. Inatoka Uingereza.

Mwaka 1624 alizaliwa huko mtoto, George Fox. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo. Yeye akapelekwa kujifunza kushona viatu. Alikuwa kijana mwenye maswali, kama nyinyi. Akawauliza makasisi, majibu yao hayakumtosha. Akatembea kwa miguu, kijiji hadi kijiji, mpaka akaanza kuwaambia watu jambo moja: ndani ya kila mtu mna nuru ya Mungu. Ndani ya tajiri imo, na ndani ya mfua nguo imo. Kama imo ndani yako, unamlipa nani akuangazie?

Mnaona hatari yake?

Hamwoni. Basi fikirini boma kubwa lenye ua na mlango mmoja. Mfalme amesema kila mtu ataingia kwa mlango huo huo wa kanisa lake. Mlangoni yupo anayekusanya zaka, nawe utatoa, uingie usiingie. Halafu anatokea fundi viatu anasema, "Kwani hapa pana ukuta? Mimi naona uwanja mtupu." Mlinzi wa mlango atafurahi?

Marafiki walikuwa wakikusanyika na kukaa kimya. Kimya kabisa, hata saa nzima. Njoo uone, Tsuma, inama hapa. Mtoto akiingiza mguu ngurungani maji huwa kama uji wa ulezi, huoni kitu. Ukiyaacha, matope hushuka polepole, na baadaye unaona hata kijiwe kilicho chini. Basi wao walisema moyo nao uko hivyo hivyo. Waache watu wakae mpaka matope yashuke. Atakayeona kijiwe asimame aseme, awe mwanamume au mwanamke. Wanawake nao! Wakati ule hilo lilikuwa kama kumwona kuku akipiga adhana.

Na walikuwa na jambo la kofia.

Huko mtu akikutana na mkubwa lazima avue kofia. Marafiki wakakataa. Wakasema kofia tutaivua tukimwomba Mungu tu. Hakimu, kofia kichwani. Bwana mkubwa, kofia kichwani. Hata kiapo mahakamani hawakuapa, kwa kuwa ukweli kwao ni mmoja, siku ya kiapo na siku isiyo ya kiapo.

"Si kukosa adabu huko?" amesema Mbeyu.

Mwanangu, nitakuambia kweli. Mtoto wa hapa akinipita bila shikamoo, moyo wangu hukunjamana. Pengine siku hizo ningewakasirikia hata mimi. Lakini kumkasirikia mtu ni jambo moja, kumtia gerezani ni jambo jingine.

Maana walitiwa gerezani. Mwaka 1650 Fox alishtakiwa kwa kukufuru, katika mji wa Derby. Alimwambia hakimu kwamba inampasa atetemeke mbele ya neno la Mungu. Hakimu akamcheka: kumbe nyinyi ni watetemekaji! Ndipo jina likashika. Mwaka 1662 ikatungwa sheria mahususi ya kuwabana hao Wakweka. Mwaka 1664 ikaja nyingine: watu zaidi ya watano wasio wa nyumba moja wasikusanyike kuabudu nje ya utaratibu wa kanisa la mfalme.

Nyevu ameanza kuhesabu kwa vidole. "Mimi, Tsuma, Mbeyu, Mjomba, yule mtoto wa kamasi, na mama anayeteka maji. Sita!"

Sita. Basi tumekwisha, kama tungekuwa tunaomba. Magereza ya siku hizo yalikuwa mashimo ya baridi na uchafu. Maelfu waliingia. Mamia hawakutoka wakiwa hai.

Sasa sikilizeni hili, maana ni lenu. Mwaka 1682, katika mji wa bandari wa Bristol, karibu wazazi wote wa Kirafiki walikuwa wamefungwa. Nyumba yao ya ibada ikabaki tupu. Askari wakasema imekwisha hiyo. Siku ya ibada ilipofika, nani aliyekuja?

Watoto. Watoto wenyewe, bila mtu mzima. Walikuja wakakaa kimya kama walivyowaona mama zao wakikaa. Wakapigwa viboko. Siku ya ibada iliyofuata wakaja tena.

Umenyamaza, Tsuma. Hata ngurunga imenyamaza.

*

Kuna nchi ng'ambo ya bahari, muielewe sasa. Waingereza wengine, waitwao Wapuritani, nao walikuwa wamesumbuliwa na kanisa la mfalme. Wakapanda majahazi wakavuka bahari kuu mpaka Marekani, wakajenga mji wa Boston. Huko wakapata nafasi ya kuomba walivyotaka.

Marafiki wakasikia. Wakasema, wale wanajua uchungu wa kufukuzwa, watatuelewa. Wakaenda.

Je, walieleweka?

Walichapwa mijeledi. Wengine walikatwa masikio. Wakafukuzwa, wakatungiwa sheria kwamba Mkweka aliyefukuzwa akirudi atanyongwa. Alikuwapo mwanamke mmoja, Mary Dyer. Mwaka 1659 alipelekwa mtini pamoja na wanaume wawili, William Robinson na Marmaduke Stephenson. Wale wawili wakanyongwa mbele ya macho yake. Yeye alikuwa na kitanzi shingoni tayari, ndipo akaambiwa umesamehewa, shuka, nenda zako. Akapelekwa mbali.

Akarudi.

"Alirudi kwa nini?" Nyevu amepiga kelele mpaka njiwa wameruka.

Alirudi kwa sababu sheria ile ilikuwa bado imesimama, naye aliiona ni sheria mbaya. Tarehe 1 Juni 1660 wakamnyonga. Mwaka uliofuata mfalme wa Uingereza, Charles wa Pili, alituma amri kunyonga kukome. Mfalme ambaye magereza yake mwenyewe yalijaa Marafiki! Mambo ya wakubwa hayo, yana mikunjo kama utumbo wa mbuzi.

Mbeyu amenishika mkono. "Mjomba, si hao wa Boston ndio waliofukuzwa kwanza?"

Ndio hao hao.

"Walikuwa wa ng'ambo ya reli."

Mtoto huyu! Mama yako alikulisha nini?

Nipite haraka hapa. Mkweka mmoja tajiri, William Penn, alipewa nchi na mfalme mwaka 1681, nayo ikaitwa Pennsylvania. Humo kila amwaminiye Mungu aliachwa aombe kwa njia yake. Uingereza kwenyewe, sheria ya kuwavumilia ilikuja mwaka 1689. Nisiwafiche, huyo Penn mzuri alikuwa na watumwa. Marafiki wa Philadelphia hawakukata shauri la kumtoa kundini kila mwenye mtumwa mpaka mwaka 1776. Nuru walisema imo ndani ya kila mtu, lakini ilichukua miaka hiyo yote kuiona ndani ya mtu mweusi.

Walipoiona, waliikimbilia kweli. Mkisimama Shimoni mtaona majahazi yanayokwenda Pemba. Huko Pemba, karibu na Chake Chake, Marafiki wa Uingereza walinunua shamba la Banani mwaka 1897, mwaka ule ule Sultani wa Unguja alipotoa amri ya kufuta hadhi ya utumwa. Waliotoka utumwani wakapewa kazi huko, wakachuma karafuu kwa ujira. Kwa hiyo pwani yetu iliwajua Wakweka kabla ya wale watatu wa garimoshi.

*

Ngurunga inataka kusema. Haya, sema.

"Nilisema sina miguu," lasema tundu la maji. "Lakini reli inayo. Inaanza baharini na kuishia ziwani, na usiku inapopoa, vyuma hulia, tik, tik, tik. Hapo ndipo huniambia ya huko juu.

"Ikaniambia: wale watatu wamefunga mashine ya kupasulia mbao. Wamejenga shule, wameanza kutibu wagonjwa. Waluhya wanaingia kundini kwa mamia. Ibada yao si ya kimya tena, wana wachungaji na nyimbo. Nikasema vyema.

"Kisha ikaniambia habari ya mwaka 1927. Arthur Chilson, mmoja wa wale watatu, alihubiri pale Kaimosi juu ya Roho Mtakatifu. Akawahimiza watu waungame, wamwombe Roho awashukie. Waluhya wakaomba. Wakalia. Wakaungama mbele ya watu. Wakasema kwa lugha wasizozijua. Halafu..."

Halafu nini, Nyevu? Fungua pindo la kanga.

"Wakatetemeka!"

Wakatetemeka. Miili yao ilitikisika kama jani la mnazi. Na hapo walikuwa ndani ya kanisa la watetemekaji.

Haya, niambieni nyinyi. Wazee wa kanisa walifanya nini? Mbeyu anasema walifurahi. Nyevu anasema walitetemeka nao. Tsuma, wewe?

Tsuma amesema polepole, "Waliwaambia mtateka mwisho."

Umejuaje?

"Najua tu."

Ndivyo. Chilson mwenyewe aliondoka akarudi kwao Marekani. Aliyewasha jiko hakuwapo moshi ulipojaa nyumbani. Wamishonari waliobaki na wazee wa kanisa wakaona huu ni wazimu, ni kelele, ni fujo. Wakawakataza. Waliokataa kukatazwa wakatolewa kundini. Walikutana kwa siri, chini ya miti na ndani ya nyumba zao. Wakazomewa, wakapigwa. Watu wakawaita watu wa Roho, Dini ya Roho, na mwanzoni halikuwa jina la heshima.

"Lakini wale wazee hawakujua habari za Bristol?" ameuliza Mbeyu. "Hawakuambiwa za yule mama wa kitanzi?"

Hapo mwanangu umegusa mfupa. Kujua habari ni kitu kimoja. Kujiona ndani ya habari ni kitu kingine. Chukua chungu cha bibi yako. Kikiwa jikoni kinaungua, kinalia. Kikiepuliwa, kikawekwa juu ya mkeka, mkeka unaungua. Chungu hakijui kwamba sasa moto ni chenyewe. Kinajikumbuka kilivyokuwa jikoni tu. Wazee wa Kaimosi walijiona watu wadogo wanaolinda kitu kizuri walichokipata kwa shida. Hawakujiona mahakimu. Nadhani hakuna hakimu anayejiona hakimu pale anapoudhiwa na kelele.

Na mwataka kujua kilichowaudhi? Kwa macho yangu, naona haikuwa kutetemeka kwenyewe. Ni kwamba hawakuomba ruhusa. Roho alikuwa amemshukia mpishi, mkulima, mwanamke asiyejua kusoma, na wala hakupitia kwa katibu wa kanisa. Ni ile kofia tena, kofia ya George Fox.

*

Nyevu ameuliza waliishia wapi. Hawakuishia. Wakatafuta mahali pao, wakajenga. Mmoja wa viongozi wao wa mwanzo aliitwa Jakobo Buluku. Leo yako makanisa kadhaa yaliyotoka pale, kama African Church of the Holy Spirit, na Holy Spirit Church of East Africa lenye makao yake Bukoyani. Lile la kwanza liliingia Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1975. Na Marafiki nao wakawa wengi, hivi kwamba leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi yoyote duniani, kuliko hata Uingereza kwa George Fox.

Mimi watu wa Roho nimewaona kwa macho yangu. Kabla magoti hayajaniasi nilikuwa utingo wa basi la Mombasa na Nairobi. Jumapili mjini Nairobi utawasikia kabla hujawaona. Ngoma, dum, dum, dum. Kisha wanatokeza kwenye kona, kanzu nyeupe, msalaba mwekundu, akina mama na akina baba, vumbi miguuni, wanaimba katikati ya barabara na magari yanapiga honi.

Siku moja mama mmoja wa Roho alipanda basi letu, akishuka pwani kumwona mwanawe. Kilemba cheupe, msalaba mwekundu. Tulipofika Mackinnon Road, hapo tu juu, dereva akasimamisha gari. Mnapajua. Pale penye msikiti kando ya reli, kwenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, yule mtu wa Punjabi aliyekuja kujenga reli. Watu husimulia kwamba alipobeba karai la kokoto, lilielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Madereva husimama hapo kutoa chochote na kuomba safari njema, Mwislamu kwa Mkristo.

Dereva wetu alikuwa Mkamba wa kanisani. Akashuka, akatoa shilingi zake. Nikamtazama yule mama. Nikasema moyoni, huyu sasa atakemea. Akafungua kitambaa chake, akafungua fundo, akatoa sarafu. Akaniambia, "Mwanangu, nitilie na mimi. Magoti yananiuma, siwezi kushuka."

Nikaichukua, nikamtilia. Ilikuwa ya joto kwa kukaa fundoni. Basi likaondoka.

*

Jua linashuka. Maji yametulia ngurungani, tazameni, kijiwe kinaonekana. Tsuma ameinuka. Amekwenda kwa yule mtoto mwenye kidumu, wanasemezana kitu. Sisikii, na wala si kazi yangu kusikia.

Mbeyu bado amekaa. Anachora mchangani kwa kijiti: mfalme, kisha Wapuritani, kisha Wakweka, kisha watu wa Roho. Mstari mmoja baada ya mwingine, kama mataruma ya reli.

"Mjomba."

Naam.

"Hayo makanisa ya Roho umesema ni kadhaa. Kwa nini si moja?"

Kwa sababu yaligawanyika.

"Yaligawanyika, au wengine walifukuzwa?"

Nimefungua mdomo. Kisha treni ya mizigo imepiga honi kutoka upande wa Samburu, ndefu, nasi sote tumegeuka kuitazama mpaka behewa la mwisho. Iliponyamaza, Mbeyu alikuwa bado ananitazama mimi, na kijiti kiko mchangani, mwanzo wa mstari wa tano.